Ujira wa Mlezi wa Mtoto: Kutoka kwa Ummu Ayman Hadi kwa Yaya wa Nyumbani Mwetu

Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyezaliwa yatima akalelewa na mikono ya wanawake ambao hakuwasahau mpaka mwisho wa uhai wake.

Ama baada ya hayo. Katika miji yetu, nyumba nyingi ambazo mume na mke wote wanatoka kwenda kutafuta riziki zina msichana wa kulea mtoto. Wengine wanamwita yaya, wengine dada wa kazi, wengine msichana wetu. Mama anatoka asubuhi, baba anatoka asubuhi, na mtoto anabaki mikononi mwa mtu ambaye mara nyingi hata jina la baba yake hatulijui. Mwezi ukiisha naye akauliza mshahara wake, jibu tunalolisikia mara kwa mara, hata katika nyumba za watu wa dini, ni hili: "Anakula kwetu, analala kwetu, nguo tunamnunulia, anataka nini tena?" Na wako waliosoma kidogo ambao huongeza kwamba fiqhi yenyewe imeruhusu mlezi aajiriwe kwa chakula chake na nguo zake.

Kauli hii ya mwisho ina asili katika vitabu vya wanazuoni. Lakini imechukuliwa nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye haki ya yule msichana. Tumeona ni wajibu wetu tuirejee historia ya walezi katika Uislamu, kisha tutazame walichokisema mafakihi, ili msomaji ajue kauli hiyo ilisimama juu ya msingi gani, na kama msingi huo upo bado katika nyumba zetu.

WALEZI WA BWANA MTUME (S.A.W.)

Kumlipa mwanamke anayenyonyesha mtoto wa mwingine ni jambo la kale. Qur'ani katika Sura Al-Qasas inasimulia jinsi Musa (a.s.) alivyokataa maziwa ya wanyonyeshaji wote mpaka akarudishwa kwa mama yake mzazi, na wafasiri wanaeleza kuwa mama huyo alikuwa akimnyonyesha mwanawe na huku akipokea ujira kutoka katika nyumba ya Firauni. Tuzingatie hapo. Firauni pamoja na dhulma yake yote hakusema kwamba mnyonyeshaji ameshiba jikoni kwake, basi hadai kitu.

Makka nayo ilikuwa na desturi yake. Wakubwa wa Kikureshi waliwapa watoto wao wachanga wanawake wa mabedui wakawalee katika hewa ya jangwani na katika lugha fasaha, na wanawake hao walikuja mjini wakitafuta watoto kwa ajili ya malipo na hisani ya baba zao. Katika masimulizi ya Ibn Is-haq, Bi Halima wa Bani Saad alifika Makka katika mwaka wa ukame, amepanda punda dhaifu. Wenzake wote walimkataa mtoto Muhammad kwa sababu moja tu, kwamba ni yatima, na yatima hana baba wa kuwafanyia wema. Bi Halima alimchukua kwa kuwa hakupata mwingine na aliona haya kurudi mikono mitupu. Basi wale waliomkataa walikuwa wakihofu ujira wao, na huyu aliyemchukua alimchukua bila ya tamaa ya malipo makubwa.

Je, Bwana Mtume alimlipaje? Ibn Saad, mwenye kitabu cha Tabaqat, amepokea kwamba baada ya Mtume kumwoa Bi Khadija (r.a.), Bi Halima alikuja Makka kumlalamikia ukame na kufa kwa wanyama wao. Mtume akazungumza na mkewe, na Bi Khadija akampa kondoo arubaini na ngamia wa kupanda. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka ishirini tangu amrudishe mtoto kwao. Hapakuwa na mkataba wala deni linalodaiwa, na hata hivyo alipopatwa na shida mlango wa kwanza alioukumbuka ni wa mtoto aliyemlea, na mlango ule ulifunguka.

Kabla ya Bi Halima, Mtume alinyonyeshwa siku chache na Thuwaiba, mjakazi wa Abu Lahab. Wapokezi wamehitilafiana juu ya wakati aliopewa uhuru. Katika riwaya ya Ibn Saad, Bi Khadija alikuwa akimkirimu na akamwomba Abu Lahab amuuze ili amwache huru, naye akakataa. Baada ya Hijra, Mtume (s.a.w.) akawa anampelekea zawadi na nguo kutoka Madina, mpaka mwaka wa 7 Hijria aliporudi kutoka Khaibar ndipo akapata habari za kifo chake. Akauliza habari za mwanawe, Masruh, aliyenyonya naye, akaambiwa alitangulia kufa. Akauliza tena kama kuna jamaa zake waliobaki ili awafanyie wema, akaambiwa hakubaki mtu. Mwanamke huyu alimnyonyesha siku chache tu.

Na katika vita vya Hunain, mwaka wa 8 Hijria, walipotekwa watu wa Hawazin, alikuwamo Shaimaa, bintiye Bi Halima, ambaye utotoni alikuwa akimsaidia mama yake kumbeba na kumtunza Mtume. Alipojulisha yeye ni nani na kuonyesha alama, Mtume alimtandikia shuka yake akamkalisha juu yake, akampa hiari ya kubaki naye kwa heshima au kurudi kwa watu wake na zawadi. Akachagua kurudi. Kisha ujumbe wa Hawazin ulipomwendea kule Ji'rana, hoja waliyoitanguliza ni kwamba miongoni mwa mateka wako mashangazi zake na mama zake wadogo kwa njia ya kunyonya, na wale waliomlea. Maelfu ya mateka wakaachiwa huru. Hivi ndivyo haki ya malezi ilivyokuwa na uzito.

UMMU AYMAN: MLEZI ASIYENYONYESHA

Msomaji anaweza kusema kwamba hao walinyonyesha, na yaya wa leo hanyonyeshi; anampa mtoto uji na maziwa ya ng'ombe. Kwa hiyo tumtazame Ummu Ayman (r.a.), ambaye jina lake ni Baraka. Mwanamke huyu alikuwa Mhabeshi, na Mtume alimrithi kwa baba yake Abdallah. Alikuwa mlezi. Alikuwa naye katika ile safari ambayo Bi Amina alifariki pale Abwaa, na mtoto wa miaka sita akarudishwa Makka mikononi mwa Ummu Ayman. Kazi yake ndiyo hasa kazi ya yaya: kulisha, kuosha, kulaza na kulinda.

Mtume alipomwoa Bi Khadija alimwacha huru. Baadaye akaolewa na Zaid bin Haritha, akamzaa Usama. Lakini kisa ambacho tungependa maimamu wakisome juu ya mimbari ni kile alichokisimulia Anas bin Malik (r.a.), kilichomo katika Bukhari na Muslim. Watu wa Madina walikuwa wamempa Mtume matunda ya mitende yao ayatumie, na mitende ya mama yake Anas akampa Ummu Ayman. Waislamu walipofunguliwa riziki (riwaya moja inataja Khaibar, nyingine inataja Bani Quraidha na Bani Nadhir) mitende ikaanza kurudishwa kwa wenyewe, na Anas akatumwa na watu wake kuiomba. Ummu Ayman akaja, akamtia Anas nguo shingoni, akaapa kwamba haitoi. Mtume akamwambia aiache naye atampa kitu fulani, akakataa. Akamwongezea, akakataa. Hakuacha kumwongezea mpaka akampa mara kumi ya ile mitende au karibu ya hapo.

Imam Nawawi anapoisherehesha hadithi hii anaeleza kwamba Ummu Ayman alidhani mitende ile amemilikishwa moja kwa moja, na kwamba Mtume alimkirimu kiasi kile kwa sababu ya haki aliyokuwa nayo juu yake, haki ya ulezi na malezi. Angeweza kumwambia, "Wewe umekula kwetu miaka yote hii." Angeweza kumwamrisha tu, naye ni Mtume wa Mwenyezi Mungu. Badala yake alikaa akipatana naye mbele ya watu mpaka moyo wake ukaridhika.

Na alikuwa na sauti katika nyumba ile. Muslim amepokea kutoka kwa huyo huyo Anas kwamba Mtume alimtembelea, akamletea kinywaji, na Mtume hakukinywa. Anas anasema hajui kama alikuwa amefunga au hakukitaka. Ummu Ayman akaanza kumpigia kelele na kumnung'unikia kama mama anavyomfanyia mwanawe. Mtume alipofariki, Sayyidna Abubakar alimwambia Sayyidna Umar (r.a.) waende wakamzuru Ummu Ayman kama Mtume alivyokuwa akimzuru. Makhalifa wawili walikwenda nyumbani kwa yaya.

UJIRA KATIKA QUR'ANI NA KATIKA FIQHI

Wema huu wote usitufanye tudhani kwamba haki ya mlezi ni hisani tu. Katika Sura At-Talaq, aya ya 6, Mwenyezi Mungu ameamrisha kwamba wanawake walioachwa wakiwanyonyesha watoto wapewe ujira wao, na watu washauriane kwa wema. Mama mzazi huyu ananyonyesha mwanawe mwenyewe, na hata hivyo Qur'ani imeutaja ujira kwa jina lake. Na katika Al-Baqarah, aya ya 233, wazazi wakitaka kumpa mwingine amnyonyeshe mtoto wao, hakuna dhambi, kwa sharti watoe kwa wema kile walichokubaliana. Mafakihi waliziweka aya hizi mbili kuwa asili ya mlango mzima wa kumwajiri mlezi.

Ibn Qudama wa madhehebu ya Hanbali, aliyefariki mwaka wa 620 Hijria, ametaja katika Al-Mughni masharti manne ya mkataba huu: muda ujulikane, mtoto mwenyewe ajulikane kwa kuonwa, mahali pa kunyonyeshea pajulikane, na malipo yajulikane. Sharti la mahali linaonyesha jinsi wanazuoni walivyomfikiria mwanamke. Walisema kufanya kazi nyumbani kwake ni rahisi kwake, na kufanya katika nyumba ya mtu mwingine ni kuzito. Basi kule kulala kwa mwajiri, ambako sisi tunakuhesabu kuwa fadhila tuliyompa, wao walikuhesabu kuwa uzito anaoubeba.

Sasa tufike kwenye suala la chakula na nguo. Wanazuoni wamehitilafiana. Imam Shafi haruhusu ujira kuwa chakula na nguo tu bila ya kubainishwa, kwa sababu kiasi chake hakijulikani, na ujira usiojulikana huzaa ugomvi. Abu Yusuf na Muhammad, wanafunzi wa Abu Hanifa, wamesema hivyo pia kwa kufuata kiyasi. Imam Malik ameruhusu, na ndiyo riwaya mashuhuri ya Imam Ahmad, kwa hoja ya aya ya Al-Baqarah iliyotaja chakula na mavazi kwa wema. Imam Abu Hanifa naye ameruhusu kwa mlezi peke yake, kwa njia ya istihsani, yaani kuiacha kiyasi kwa sababu yenye nguvu zaidi.

Sababu yenyewe ni ipi? Al-Marghinani, aliyefariki mwaka wa 593 Hijria, ameieleza katika Al-Hidaya. Amesema kutojulikana kwa kiasi hapa hakuleti ugomvi, kwa kuwa desturi ya watu ni kuwakunjulia mkono walezi kwa ajili ya kuwahurumia watoto wao. Maana yake ni kwamba mzazi wa zama zile alimlisha mlezi vizuri kuliko alivyojilisha mwenyewe, alimvisha vizuri, hakumhesabia matonge, kwa sababu alijua kwamba hali ya mlezi ndiyo hali ya mtoto. Ruhusa ya Abu Hanifa imesimama juu ya ukarimu huo.

Tuipime basi desturi yetu. Mlezi anayekula ukoko baada ya wote kushiba, anayevishwa nguo zilizochakaa za mama mwenye nyumba, anayelala jikoni juu ya mkeka, je, huyo amekunjuliwa mkono? Ikiwa desturi imegeuka kuwa ya ubahili, basi sababu iliyoileta ruhusa haipo, na hukumu huondoka kwa kuondoka sababu yake. Anayeitumia kauli ya Abu Hanifa ili ampunguzie msichana haki yake anachukua ruhusa iliyojengwa juu ya huruma na kuifanya chombo cha kunyima.

Na kwa sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao wengi wetu ni Mashafii, jambo ni zito zaidi. Katika madhehebu yetu mkataba wa chakula na nguo bila ya kiasi ni mkataba ulioharibika. Na mkataba ukiharibika, na mtu akawa ameshafanya kazi, anastahiki ujira wa mfano wake, yaani kile ambacho watu wa mji ule humlipa mtu wa kazi kama ile. Kwa hiyo yule aliyemweka binti nyumbani miaka mitatu kwa "anakula kwetu" hajaokoka na mshahara. Ana deni la miaka mitatu.

KAZI YA YAYA NI IPI?

Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho wanafunzi wa darsa zetu wamekisoma kizazi baada ya kizazi, imeitaja kazi ya ulezi kwa ufafanuzi unaoshangaza: kumhifadhi mtoto, kumwosha kichwa, mwili na nguo zake, kumpaka mafuta, kumtia wanja, kumfunga katika susu, na kumbembeleza ili alale, na mfano wa hayo. Kisha akasema kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba mkataba wa kunyonyesha hauingizi ndani yake ulezi, wala wa ulezi hauingizi kunyonyesha. Kila kimoja ni kazi yake na kina malipo yake.

Ikiwa ulezi na kunyonyesha, vitu viwili vinavyokaribiana kiasi hiki, havivutani katika mkataba mmoja bila ya kutajwa, itakuwaje yule aliyeletwa kumlea mtoto afulie nyumba nzima, apike, achote maji, kisha jioni akauze barafu na maandazi ya mama mwenye nyumba? Kazi hizo si haramu kumpa. Lakini zitajwe mwanzo, akubali, na zilipwe.

Wanazuoni wa Kihanafi nao wamesema kwamba mwajiri hana haki ya kumzuia mume wa mlezi asimfikie mkewe. Mwanamke hakuuza maisha yake yote. Na Mashafii wamesema nyakati za Sala za faradhi pamoja na tohara yake zimetolewa katika muda wa kazi kwa hukumu ya sheria, bila ya ujira kupunguzwa. Anayemwambia msichana "mlaze mtoto kwanza utasali baadaye" mpaka jua likazama, ajue kwamba saa ile hakuinunua.

SHUKRANI BAADA YA UJIRA

Juu ya ujira kuna jambo jingine ambalo limesahauliwa kabisa. Abu Dawud, Tirmidhi na Nasai wamepokea kwamba sahaba mmoja wa kabila la Aslam alimuuliza Mtume (s.a.w.) ni kitu gani kitakachomwondolea dhima ya kunyonya, yaani haki ya mwanamke aliyemnyonyesha. Mtume akamjibu kuwa ni kumpa mtumwa au mjakazi, na hiyo zama zile ilikuwa mali yenye thamani kubwa. Al-Khattabi anaeleza hekima yake: mwanamke huyu alikutumikia ulipokuwa mdogo, basi mpe wa kumtumikia naye apumzike. Kutokana na hadithi hii Ibn Qudama amesema inapendeza kwa mwenye uwezo, mtoto anapoachishwa ziwa, ampe mlezi zawadi ya namna hiyo mbali na ujira wake.

Mtume mwenyewe alifanya hivyo. Alipozaliwa mwanawe Ibrahim wanawake wa Kiansari walishindana kutaka kumnyonyesha, na imepokewa kwamba Ummu Burda, aliyemnyonyesha, alipewa na Mtume kipande cha mitende. Leo hakuna utumwa, na Mwenyezi Mungu ashukuriwe. Lakini cherehani, au ada ya kusomea ufundi, au mtaji mdogo wa kumwanzishia maisha, ndiyo inayokaa mahali pa hadithi hii. Nyumba ngapi humpa yaya nauli ya kurudi kwao tu, na huku mizigo yake imepekuliwa mlangoni?

KUTOKA UTUMWANI HADI KWENYE MSHAHARA

Hapana budi tuseme ukweli juu ya historia ya pwani yetu. Katika karne ya kumi na tisa walezi wengi wa nyumba kubwa za Unguja, Mombasa na Lamu walikuwa watumwa. Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kufuta hadhi ya utumwa Unguja na Pemba tarehe 6 Aprili 1897, masuria wakaingizwa katika hukumu hiyo mwaka 1909, pwani ya Kenya ilifuata 1907, na Tanganyika 1922. Karatasi ya utumwa ilichanwa, lakini mazoea hayachanwi kwa amri. Yako maneno na vitendo nyumbani kwetu vinavyomkalisha msichana wa kazi pale pale alipokaa mtumwa wa zamani, kisha tunamnyima hata zile haki ambazo Mtume alimwekea mtumwa: katika hadithi ya Abu Dharr (r.a.) iliyomo katika Sahihi mbili, alitufundisha kwamba walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu, tuwalishe tunachokula, tuwavishe tunachovaa, na tusiwakalifishe wasichoweza. Ikiwa hiyo ni haki ya mtumwa, mwajiriwa huru ana nini?

Dunia nayo imelitambua jambo hili baada ya karne nyingi. Mwezi Juni 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha huko Geneva Mkataba namba 189 juu ya kazi za staha kwa wafanyakazi wa majumbani. Tanzania Bara, kwa Amri ya Mishahara ya mwaka 2013, kima cha chini cha mwezi kwa mtumishi wa nyumba ya kawaida kiliwekwa Sh 40,000 kwa anayelala kwa mwajiri na Sh 80,000 kwa asiyelala. Viwango hivyo vimebadilishwa baadaye, lakini tuzingatie hesabu yake: malazi yalikwisha kuhesabiwa humo, yakapunguza nusu nzima. Anayelipa kile kiwango cha chini kisha akamkata tena msichana kwa ajili ya chakula na kitanda, amemlipisha mara mbili.

MAKOSA YANAYOTENDEKA MAJUMBANI

La kwanza ni kuchelewesha. Mtume (s.a.w.) ameamrisha, katika hadithi aliyoipokea Ibn Majah, mwajiriwa alipwe kabla jasho lake halijakauka. Na katika hadithi Qudsi iliyopokewa na Bukhari, mmoja wa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa mdai wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mtu, akaitimiza kazi yake yote kwake, asimpe ujira wake.

La pili ni kukata mshahara kwa vyombo vilivyovunjika. Mwajiriwa wa namna hii ni mwaminifu kisheria. Halipi kilichoharibika mkononi mwake ila ikithibiti kuwa amekusudia au amezembea. Sahani iliyomponyoka huku amembeba mtoto si deni lake.

La tatu ni kumpa mshahara baba, mjomba au dalali aliyemleta. Ujira ni mali ya aliyetoka jasho. Akitaka kuwapelekea wazazi wake, ni wema wake, na apewe mkononi aupeleke mwenyewe au aseme upelekwe. Ama mtoto mdogo, huyo hana uwezo wa kufunga mkataba, na mahali pake ni shuleni na chuoni. Kumchukua mtoto wa ndugu kutoka kijijini kwa ahadi ya kumsomesha, kisha ukamgeuza yaya asiyelipwa kwa kuwa "ni mtoto wetu", ni kuvunja ahadi na kula jasho kwa pamoja.

La nne ni kudhani kwamba asiyekuwa Mwislamu hana haki hii. Mtume na Sayyidna Abubakar katika safari ya Hijra walimwajiri mtu wa Bani Dil, aliyekuwa katika dini ya Makureshi, awaongoze njia. Walimwamini roho zao, na mkataba wao naye ulikuwa mkataba wa ujira. Dini ya msichana haipunguzi hata shilingi.

La tano ni heshima na stara. Yaya asiyemnyonyesha mtoto hawi maharimu wa mtu yeyote nyumbani. Si halali baba mwenye nyumba au vijana wake kukaa faragha naye, na ni wajibu apate mahali pa kulala penye mlango unaofungwa. Mwenye nyumba ataulizwa juu ya usalama wake kama atakavyoulizwa juu ya binti zake.

NENO LA MWISHO

Tunasikitika, na ni haki tusikitike, tunaposikia binti zetu waliokwenda kufanya kazi za ndani katika nchi za Ghuba wamezuiliwa mishahara au wamepigwa. Tunasoma Qunut kwa ajili yao. Basi tujiulize dua hiyo inapanda vipi ikiwa nyuma ya nyumba yetu yuko binti wa mtu mwingine anayedai mishahara ya miezi minne.

Tunawaomba maimamu wasilifanye jambo hili kuwa la wanawake kuzungumza jikoni. Khutba moja ya Ijumaa juu ya mitende ya Ummu Ayman inatosha kuwakumbusha watu. Na kila mwenye nyumba anayesoma makala hii, kabla hajalala leo, akae na mlezi wa mwanawe wapige hesabu pamoja: kazi ni ipi, mshahara ni kiasi gani, siku ya kulipa ni ipi, mapumziko ni lini, na nini kimebaki nyuma. Wakiandike, awepo shahidi. Ikiwa aliondoka zamani na haki yake, atafutwe. Na akishakufa, wapewe warithi wake, kama Mtume alivyouliza jamaa za Thuwaiba.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyapunguza, atuwezeshe kuyalipa kabla hatujalipishwa kwa mema yetu, na awarehemu wanawake wote waliotubeba mgongoni wala hatukuwajua majina. Wallahu a'lam.